Radhi ya Shomari

Bi Mwajabu alikuwa na dada mmoja, Bi Tunu, na Bi Tunu alikuwa na mtoto mmoja tu, Shomari. Shomari hakuja kumzika baba yake. Sababu alikuwa nayo, lakini hakuna aliyemwuliza, na mama yake akaapa mbele za watu kwamba hana radhi naye. Miaka tisa ikapita hivyo. Kijana akawa mtu mzima huko kwenye mashamba ya mkonge, mama akazeeka huku, na kila mmoja akimngoja mwenzake aanze.

Bi Tunu alipoona siku zake zimekwisha, moyo ulimlainika. Akamwita mdogo wake, akamshika mkono, akamwambia: Shomari akija, umwambie nimemsamehe, na radhi yangu anayo, yote. Bi Mwajabu akaitikia huku analia, akapiga fundo kwenye pindo la kanga yake asije akasahau. Ndivyo alivyozoea tangu usichana: fundo la kununua chumvi, fundo la kurudisha ungo wa jirani, na halikuwahi kumpotea hata moja. Lakini sasa alikuwa na miaka sabini na ushei, jamani, na mambo yalikuwa yameanza kumtoka. Hakumwambia mtu. Binti yake alipoliona lile fundo akaomba aambiwe, ili wakumbuke wawili, Bi Mwajabu alinuna. Hakutaka kukumbushwa kama mtoto.

Bi Tunu akafa. Shomari akaitwa, na safari hii akaliwahi kaburi. Akakaa matanga siku tatu, na kila mama yake mdogo akipita, macho yake yalimfuata. Na Bi Mwajabu hakuwa mzembe, msimwonee. Alikuwa hajalala, wageni wamejaa uani, huyu anauliza maji, yule anauliza mkeka, masufuria ya watu hayaonekani.

Siku ya nne asubuhi Shomari akaja kuaga. Bi Mwajabu akajifunga kanga vizuri, mkono ukalikuta fundo. Akalishika. Alijua pana jambo, tena jambo kubwa, linalomhusu huyu huyu aliyesimama mbele yake. Lakini jambo lenyewe? Akalitafuta, wapi! Shomari akamwona, akaweka mfuko wake chini, akasogea karibu, akauliza kama kuna neno.

Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo wakageuka kutazama. Bi Mwajabu akaona haya. Angesema tu kwamba mama yako aliniachia neno, nami limenitoka, Shomari angekaa pale mwezi mzima kulingoja.

"Hakuna, mwanangu," akasema. "Umekula?"

Shomari akajibu amekula. Akauokota mfuko wake, akaenda zake.

Lilimjia baada ya adhuhuri, akichambua mchele. Lilikuja lote, na sauti ya dada yake ndani yake. Maskini, alitoka pekupeku, na miguu ile, mpaka barabarani; gari lilikwisha kuondoka. Akamtuma binti yake kwenye mashamba ya mkonge. Huko wakasema Shomari alipitia kuchukua vitu vyake tu, na hakuaga anakwenda wapi. Bi Mwajabu aliishi miaka mingine minne, na kila mwenye safari alimwambia kisa chote, alivyoambiwa na alivyosahau, hadharani, amwulizie Shomari huko aendako. Hakupatikana. Mahali fulani yupo mtu anayeamini kwamba mama yake alikufa na kinyongo naye.

Basi nyinyi wenye mvi, na nyinyi mnaozielekea, nijibuni: radhi ile, Shomari alinyimwa na usahaulifu wa mama yake mdogo, au alinyimwa na haya yake?