Dakika Moja ya Kimya

Ili kurahisisha demokrasia, Spika Mwadime alilitungia bunge la kaunti kanuni mpya: anayepinga hoja asimame, aliyekaa amekubali, na sababu haziulizwi. Palepale akaleta hoja aongezewe miaka kumi ya uspika. Nani angethubutu kusimama mbele ya jicho lile?

“Karani, anza kuhesabu,” aliamuru.

“Mheshimiwa,” alisema mwakilishi Mghoi, akiwa amekaa tuli, “karani anapohesabu, tumkumbuke marehemu baba yako. Dakika moja ya kimya, kama ilivyo desturi.”

Spika aliguswa, akasimama wa kwanza. Bunge zima likasimama, vichwa chini.

“Waliokaa, hakuna,” karani alitangaza. “Hoja imekataliwa.”

“Tulikuwa tunaomboleza!” Spika alifoka.

“Sababu haziulizwi, Mheshimiwa,” alisema Mghoi. “Na aliyetangulia kuipinga ni wewe.”