Nguruwe Mwenye Kovu

Wahenga walituachia usemi kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Wengi huutumia wanaposimulia watu waliokosana wakapatana, kwa maana jeraha la moyo hufunika juu likabaki bichi chini. Ni sawa kabisa. Ila yupo daktari mmoja wa mifugo aliyeujua usemi huu kwa nyama na damu, na ukimsikia akiutamka utaona kidevu chake kinapanda kidogo. Ana haki ya kukipandisha.

Daktari huyu alifanya kazi katika maabara ya chuo, nyuma ya hospitali kubwa, ambako nguruwe walitunzwa katika vizimba safi kuliko vyumba vingi vya kupanga. Kazi aliyopewa ilikuwa ya ajabu: kumtia nguruwe ugonjwa ili ipatikane njia ya kuuponya. Baadhi ya watu wanaopasuliwa kwa sababu ya mawe ya nyongo, mrija unaoteremsha nyongo kutoka kwenye ini husinyaa baadaye, nyongo ikakosa njia. Kulikuwa na kijirija kipya cha wavu cha kuutanua, lakini hakuna aliyethubutu kumwekea mtu kabla hakijajaribiwa kwa mnyama mwenye tatizo lile lile. Na mnyama huyo hakuwepo. Walipoufunga mrija kwa uzi, uliziba wote mara moja, na nguruwe akazidiwa kabla hata kijirija hakijaletwa.

Wenzake walimwita Mama Nguruwe, naye aliitika. Hawakujua kwamba nyumbani alikuwa na mgonjwa wa ugonjwa huo huo. Mama yake mzazi, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kama mkasi wake, alikuwa akiwekewa mirija ya plastiki na kubadilishiwa kila ilipoziba, mpaka hospitali ikamchosha. Siku hizo akiulizwa hali alijibu, "Nimepona, niache nishone."

Safari hii daktari alibadili mbinu. Alimlaza nguruwe kwa dawa ya usingizi, akapitisha kamera nyembamba kinywani hadi kwenye mlango wa mrija, kisha akauunguza kidogo kwa ndani kwa waya wa joto. Nguruwe akaamka, akala, akanenepa. Wiki zikapita, damu yake ikipimwa haina neno. Profesa, mpasuaji mkuu na kiongozi wa utafiti, alisimama mbele ya kizimba akacheka kwamba huyu hakuunguzwa, alikandwa. Akaamua warudi kwenye uzi, liwalo na liwe.

Jioni hiyo daktari alirudi nyumbani kichwa chini. Alimkuta mama yake anajisugua mgongo kwenye mwimo wa mlango, taratibu, akidhani haonekani. Alipomwona bintiye akajifanya anakagua bawaba. Daktari moyo ulimuuma, kwa kuwa aliujua muwasho wa nyongo iliyokosa njia. Akakumbuka jinsi mama alivyotoka hospitalini baada ya upasuaji wake, akila, akicheka, ndugu wakimpongeza. Miezi ilipita ndipo macho yakageuka manjano. Jeraha lilikuwa limefunga zamani. Kovu ndilo lililokuwa likivuta, polepole, kama kiraka kinavyokunja nguo.

Asubuhi alimfuata profesa ofisini, wala hakuketi.

"Profesa, yule nguruwe hajapona. Ana kovu. Tumpe muda."

"Na lisipovuta?"

"Uzi nitaushika mwenyewe, na sitakuwa na neno tena."

Profesa akampa mpaka mwisho wa mwezi. Wenzake wakamtania kwamba anamnenepesha nguruwe kwa ajili ya maonyesho. Yeye kila asubuhi alipiga magoti kizimbani, akamfunua mnyama kope.

Dalili haikuanzia machoni. Asubuhi moja alimkuta nguruwe amebana mgongo kwenye chuma cha kizimba, anajisugua, taratibu, bila kukoma. Daktari alisimama pale na ndoo mkononi. Siku chache baadaye weupe wa macho ukaingia umanjano. Picha ya eksirei ikaonyesha mrija umebanwa katikati kama gunia lililofungwa kamba, huku nyongo ikipenya kwa shida, vile vile kama kwa watu. Profesa aliitazama, kisha akawaita wote waje waone.

"Nilitaka kumfukuza shahidi kabla hajafungua kinywa," akasema. "Aliyeona ni huyu daktari wetu."

Daktari alifurahi hadi machozi, lakini hakutaka mnyama ateseke kwa ajili ya sifa zake. Siku hiyo hiyo wakamwekea kijirija cha wavu. Muwasho ukaisha, macho yakatakata, naye nguruwe akarudia ulafi wake.

Alipomsimulia mama, cherehani ilinyamaza.

"Huyo mwenzangu, mlijuaje anaumwa na huku anakula?"

"Alikuwa anajisugua mgongo, mama. Kwenye chuma."

Mama aliutazama mwimo wa mlango, akamtazama mwanawe, akacheka kicheko cha mtu aliyekamatwa.

"Haya, nipeleke hospitali," akasema. "Ila hicho kijirija kikifika zamu ya watu, wa kwanza niwe mimi. Nataka wodi nzima ijue aliyekifungulia njia ni nani."

Kesho yake alibadilishiwa mrija, na kabla dawa ya usingizi haijamshika alikuwa ameshamweleza kila muuguzi kuwa amezaa bingwa wa makovu. Muuguzi mmoja akashangaa, mama mcheshi hivi, aliyeingia kwa miguu yake, anaumwa nini? Bingwa mwenyewe akamjibu, kidevu juu: mwenye kovu usidhani kapoa.