Jinsi Pimbi Alivyomsomesha Kifaru

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiosha vyombo bila kuambiwa mara mbili, Bi Pimbi alikuwa na maktaba ya watoto ndani ya ufa wa jabali. Mlango wake ulikuwa mwembamba. Watoto walipita. Wakubwa walibaki nje na kuagiza kwa sauti.

Mwaka huo likaja kasha la vitabu vipya, riwaya fupi na katuni, wino bado unanukia. Bi Pimbi hakugawa ovyo. Asiyependa kusoma alimpa katuni ya kanga golikipa mwenye jicho moja. Aliyehamia juzi alimpa riwaya ya swala mgeni darasani. Na Kidawa, binti wa Mzee Kifaru, aliyekuwa akisoma hata maandishi ya pakiti ya chumvi, alimpa *Nani Kaiba Kengele?*, hadithi ya upelelezi yenye sehemu mbili, kila sehemu kitabu chake.

Habari zikamfikia Mzee Kifaru, mwenyekiti wa wazazi. Yeye alikuwa na namna yake ya kupima vitabu: alikiangusha kitabu juu ya mguu wake. Kikiuma, kinafundisha. Kamusi ilimfanya achechemee siku tatu, na aliisifu kila mkutano.

Akaletewa katuni ya kanga. Pu! Hakusikia kitu. Akaletewa riwaya ya swala. Pu! Hakusikia kitu.

"Vyepesi vyote," akasema. "Virudishwe jabalini. Ijumaa vipelekwe kwa mchwa. Na mpaka hapo, mtoto yeyote asiguse kitabu."

Watoto wakavirudisha wakilia. Vyote vikarudi, au karibu vyote.

Bi Pimbi hakubishana. Alikubali kwamba mchwa nao wana matumbo. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Mzee, hapa kwetu hata mwizi wa mahindi husikilizwa mpaka mwisho ndipo ahukumiwe. Kitabu je?"

Wakubwa wakaguna. Ilikuwa kweli, ndiyo mila. Likakatwa shauri kwamba kila mzee achukue kitabu kimoja, akisikilize mpaka mwisho, na Ijumaa aeleze mbele ya watu kiliishaje. Mama Kiboko akachukua katuni ya kanga. Mzee Kifaru akapewa *Nani Kaiba Kengele?*, sehemu ya kwanza. Bi Pimbi hakutaja kwamba ni ya kwanza. Hakuulizwa.

Sasa, kifaru haoni vizuri, na huyu wetu alikuwa radhi atumbukie shimoni kuliko kukiri. Alipofika nyumbani alikaa kwenye mkeka wake, akamwita Kidawa asome, eti yeye anapumzisha macho.

"Lakini Baba, si umekataza?"

"Huku si kusoma. Hii ni kesi."

Kidawa akasoma. Kengele ya ukoo imepotea siku moja kabla ya harusi. Wanaoshukiwa ni watatu: mpishi, bwana harusi, na shangazi aliyekuja na mkoba mkubwa kuliko safari yake. Ukurasa wa tano Mzee Kifaru alipiga miayo. Ukurasa wa kumi alitaka urudiwe. Siku ya pili alishamhukumu shangazi, na mkewe alipouliza kama atakula, alinyamazishwa kwa mkono.

Alhamisi wakafika pale mpelelezi alipoufungua mkoba wa shangazi, akaingiza mkono, akagusa kitu cha baridi. Kidawa akafunga kitabu.

"Kimeisha."

"Kimeishaje? Mkobani mna nini?"

"Imeandikwa itaendelea, Baba."

Dududu, dududu, Mzee Kifaru akakimbilia jabalini. Bi Pimbi alikuwa ndani anatwanga karanga. Alimwonyesha tangazo la mlangoni: vitabu vya watoto haviazimwi kwa watu wazima. Yeye mwenyewe Mzee ndiye aliyeamuru liandikwe, mwaka ule Mama Kiboko alipofunika sufuria ya maharage kwa kitabu cha picha.

"Basi mwazime mwanangu."

"Watoto umewapiga marufuku."

Mzee Kifaru akasukuma pembe ndani ya ufa ili achukue mwenyewe. Krr! Ikanasa. Akabaki hapo, pua ndani, makalio nje, huku watu wakikusanyika. Mama Kiboko akafika na katuni kwapani, akataka kujua kama kanga ataidaka ile penalti, maana kwake nako kuliandikwa itaendelea.

"Pimbi," Mzee akasema polepole, "wewe usiye na mkia. Ningependa tu kujua nani aliiba."

"Kesho mchwa watakula sehemu ya pili," akajibu Bi Pimbi, bado anatwanga. "Watajua wao."

Kisha, pua ikiwa bado jabalini, mwenyekiti akatangaza mbele ya wote kwamba marufuku imefutwa na mchwa watafutiwe kuni. Mama Kiboko akamshika mkia, akamvuta. Pwaa!

Hapo ndipo Bi Pimbi alipomweleza kwamba sehemu ya pili haimo humo. Iliazimwa tangu wiki iliyopita, na mtoto wa nyumbani kwake.

Mzee Kifaru akarudi, akakaa kwenye mkeka wake.

"Kidawa. Kiko wapi?"

"Inuka kidogo, Baba."

Akaingiza mkono chini ya mkeka, akakitoa, bapa kama chapati. Tangu siku ya marufuku baba yake alikuwa amekikalia kwa uzito wake wote, na hakusikia kitu.

Wakatazamana.

"Umeshakisoma?"

"Mara mbili."

Mzee Kifaru akajisogeza, akampa nafasi mkekani.

"Basi usiniambie. Anza."

Kwa hiyo, wanangu, kitabu hakipimwi kwa uzito; hupimwa kwa anayeshindwa kukifunga.

Hadithi imekwisha. Vyombo bado.