Mama wa Katikati ya Mraba

Wapendwa, alikuwepo mwalimu mmoja wa fizikia kule Mbeya. Wadogo zake watatu waliishi Mwanza, Arusha na Mtwara, na mama yao alikuwa Dodoma. Baba alipozikwa, kabla hata matanga hayajaanuliwa, kila mmoja wa wale wanne alisema, "Mama anakuja kwangu." Na walimaanisha. Wa Mtwara akasema joto la kwake litaifaa miguu ya mama. Wa Arusha akanuna. Mwalimu akasema yeye ndiye mkubwa. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake.

Mama alishafunga begi. Akawaambia, "Wanangu, mimi popote nakwenda. Mkishaelewana mniambie."

Miaka miwili ikapita, begi liko nyuma ya mlango. Kila wiki simu nne, zote za kumbembeleza: njoo kwangu, usiende kwa yule. Mwalimu alijipa moyo kwamba mama mwenye watoto wanne wanaompenda hivi hawezi kupungukiwa.

Asubuhi moja alichora ubaoni mraba, chaji nne za umeme zinazolingana kwenye pembe, na moja katikati inayovutwa na zote. Wanafunzi wakajumlisha nguvu zile nne, wakapata jibu kubwa. Akawakosoa. "Mmesahau mwelekeo. Hii inavuta huku, ya mkabala inavuta kule, zinafutana. Jumla ni sifuri."

Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, yaani inavutwa na zote, halafu haiendi kokote?"

"Haiendi," akajibu, akaweka chaki chini. Kosa lile la wanafunzi lilikuwa lake pia, kwa mama yake. Akatoka nje, akampigia mdogo wake wa Arusha. "Mchukue mama. Mimi nimeachia."

Mdogo wake alikuwa analia. "Kaka, jirani wa mama amenipigia sasa hivi. Wamevunja mlango. Mama amefariki tangu juzi."

Kesho yake wote wanne walikuwa Dodoma. Kumbe kuelekea upande mmoja waliweza, wapendwa. Iliwauma sana, na mimi inaniuma kuwasimulia.

Je, sisi? Ni nani yuko katikati yetu, tunamgombania na kuita huko kumpenda? Mzazi? Mtoto ambaye baba na mama wameachana? Tunajumlisha mapenzi yetu na kujisifu, na yeye hajasogea hata hatua moja. Leo usimwombe Mungu akuzidishie upendo. Unao. Mwombe akupe kuachia, kisha ukitoka hapa mpigie ndugu yako, umwambie, "Mchukue wewe," yule wa katikati angali hai.