Bi Ngiri Atafuta Msanifu wa Uwanja wa Gofu

Nikisema "Nimwage?", ninyi semeni "Mwaga, tumekinga!" Haya, nimwage?

Mwaga, tumekinga!

Hapo kale, kale sana, Bi Ngiri aliishi na wanawe bondeni, penye chemchemi isiyokauka. Wanyama wote wa bonde walikunywa hapo.

Siku moja Mtemi Tembo alivuka mto, akawaona watu wakicheza gofu. Akarudi roho yote iko kwenye kile kimpira. Akamwita Bi Ngiri.

"Nijengee uwanja wa gofu bondeni kwako," akasema. "Mashimo kumi na nane. Vuli ikinikuta bila uwanja, bonde nampa Fisi."

Bi Ngiri aliogopa. Fisi na watoto wa ngiri, mnajua wenyewe. Lakini mama yule alikuwa na kichwa kigumu.

"Nitajenga, Mtemi. Ila msanifu nitamchagua mwenyewe."

Akapiga mbiu, wakaja wasanifu watatu. Bi Ngiri akafuata mila: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kila mmoja alikula, akalala, kisha akapewa jembe na kuambiwa, "Nichimbie shimo la kwanza, uniambie kwa nini umechimba hapo."

Wa kwanza Twiga. Yeye alilitazama bonde kwa juu juu tu, toka kilimani.

"Jembe la nini? Mimi nachora, sichimbi."

"Basi nenda kachore kwako," akasema Bi Ngiri.

Wa pili Tausi. Akatandaza mkia, akatandaza na ramani. Mashimo kumi na nane, maua kila pembe! Wanyama wakashangilia. Siku ya tatu akashika jembe, akachimba palepale yanapopita maji ya chemchemi.

"Kwa nini hapo?"

"Panapendeza, shangazi."

"Na maji?"

"Tutayafukia. Kwani maji yanacheza gofu?"

"Basi nenda kafukie kwako."

Wanyama wakanung'unika. Nyati wa bonde la pili akamchukua Tausi siku hiyohiyo, akamcheka Bi Ngiri: "Mchagua jembe si mkulima, dada." Bi Ngiri akaliokota jembe lake. Alikuwa anamngoja wa tatu.

Wa tatu Kwarara, ndege wa mdomo mrefu uliopinda, na mwenye kelele kama soko zima. Huyu hata siku ya tatu hakuingoja. Tangu asubuhi ya kwanza alichomachoma ardhi kwa mdomo wake, akauliza maswali mpaka akachosha watu. Mvua ikinyesha maji yanapita wapi? Nani atakata majani? Watoto wanalala wapi? Alipopewa jembe, akachimba mteremkoni, pakavu.

"Hapa hatudhuru maji," akasema. "Lakini mama, nikwambie ukweli. Kumi na nane hayaenei. Ukiyalazimisha, chemchemi inakufa. Yanaenea tisa."

"Mtemi anataka kumi na nane."

"Basi tafuta msanifu mwingine."

Bi Ngiri akawatazama wanawe wakinywa maji. Akatazama kilimani, kwa Fisi. Kisha akasema, "Anza kazi."

Vuli ikakaribia. Tembo akaja, na Fisi nyuma yake anajilamba. Tembo akahesabu mashimo, masikio yakamsimama.

"Tisa? Umenidharau?"

Bi Ngiri hakurudi nyuma. "Kumi na nane yangeua maji, Mtemi. Kama ni kosa, ni langu."

Kwarara akapaza sauti: "Cheza kwanza, Mtemi! Ukimaliza la tisa, rudi la kwanza. Tisa na tisa ni ngapi?"

Tembo akacheza. Kufika la tisa, koo limemkauka, na chemchemi iko mbele yake. Akanywa, akanywa, akanywa. Akaanza tena la kwanza. Alipomaliza akageuka.

"Fisi, wewe bado uko hapa?"

Fisi akaondoka mkia katikati ya miguu.

Kiangazi kikaja. Nyati akashuka bondeni na ukoo wake, vibuyu vitupu. Uwanja aliowajengea Tausi ulikuwa vumbi, na chemchemi yao ilikuwa chini ya maua yaliyokufa. Bi Ngiri akawachotea maji. Hakuwacheka.

Basi wanangu, ukitafuta fundi, usimchukue anayeitikia kila neno lako. Mchukue anayeweza kukukatalia kabla jembe halijagusa ardhi.

Ngano yangu nimeitua. Ikiwanogea, tugawane, isipowanogea, niachieni mwenyewe.