Chunjua la Mfalme Mihrasp

Wanangu, fumbeni macho mumwone mfalme kwenye kiti cha dhahabu. Ndevu zimesukwa, taji linang'aa, na chini ya taji, katikati ya paji la uso, limejificha chunjua kubwa kama dengu.

Hapo zamani, katika nchi ya Parthia, mfalme huyo aliitwa Mihrasp. Huko mfalme mpya hakuonja hata tonge kabla sarafu hazijagongwa kwa sura yake.

"Chunjua usilichonge," alimwonya Rashnu, mchonga mihuri ya sarafu.

"Nikiliacha, bwana wangu, nitakuwa nimemchonga jirani yako."

Akalichonga. Akatupwa gerezani.

Punde si punde Farnak, mdogo wake mfalme, akainyakua ikulu. Kwa pupa ya kugonga sura yake, hakuziyeyusha sarafu za kaka yake. Aliigonga sura yake juu ya ile ya zamani. Basi chunjua likachungulia, safari hii kwenye pua ya Farnak! Sokoni watu walicheka wakashika mbavu.

Mihrasp alikuwa ametoroka kwa nguo za mwendesha punda. Akafika milimani, kambini kwa askari wake, waliozoea kumwona kwa mbali tu.

"Mimi ni mfalme wenu!"

"Na mimi ni malkia," askari mmoja akajibu, akachomoa upanga.

Anahe, muuza mikate wa kambi, akaruka katikati. Akaishika sarafu ya Mihrasp kando ya paji la uso la mgeni. "Tazama kwanza, bwege wee, ndipo ukate!"

Askari wakatazama chunjua la fedha, wakatazama chunjua la nyama. Wakapiga magoti. Kisha wakaenda kumtimua Farnak.

Mfalme akatangaza: "Nyuma ya sarafu zetu huketi mpiga mishale. Sasa nitampa sura ya aliyeniokoa. Nafasi ni moja."

Rashnu, aliyetolewa gerezani, akasema, "Nililichonga mimi, nikalilia gerezani."

Anahe akasema, "Sarafu haina mdomo. Aliyesimama mbele ya upanga ni nani?"

Mama yake mfalme akawapiga kikumbo wote, akavua ushungi. Kwenye paji la uso wake, chunjua! "Mnagombania mali ya watu. Hili amelirithi kwangu."

Mfalme akajikuna chunjua.

Msaidieni, wanangu, ila mkumbuke jambo moja tu: ni yeye mwenyewe aliyetaka lisichongwe. Je, nani alistahili kuushika upinde kwenye sarafu?