Kadi Mpya ya Kituo cha Mlimani

Hii nimeipata kwa shemeji yangu, naye alitumiwa na mtu wa ushirika wao. Isome hadi mwisho, halafu mpelekee yule utakayemkumbuka ukiisoma.

Huko Rungwe, chama kimoja cha wafugaji kilikuwa na vituo saba vya kukusanyia maziwa. Kila kituo kilikuwa na tangi la kupozea, na kwenye tangi palifungwa kidubwasha kisichozidi kiganja, cha kupima joto la maziwa na kulituma ofisini kila robo saa. Kikinyamaza, maziwa ya kaya mia mbili yanaweza kuchacha huku kila mtu akidhani mambo ni shwari.

Kituo cha Mlimani kilikuwa mikononi mwa fundi Gwakisa. Jamaa alikuwa na akili kali, na alilijua hilo. Miaka minne aliishi huko juu peke yake kwenye ukungu, mkewe na binti yao wakikaa mjini Tukuyu, ambako mke alikuwa mwalimu. Aliwaona mara mbili tu kwa mwezi. Alichotaka ni kitu kimoja: awe fundi mkuu, maana fundi mkuu hukaa mjini, naye angekuwa anarudi nyumbani kila siku.

Fundi mkuu, Mama Sekela, alikuwa anakaribia kustaafu. Gwakisa akapiga hesabu zake.

"Wakiona hakuna kinachokwenda bila mimi," alimwambia mkewe, "watanipa tu."

Basi akaandika programu ya kidubwasha chake kwa namna yake. Kidubwasha hutuma habari kwa kadi ya mawasiliano, na kila aina ya kadi ina amri zake. Gwakisa alizitawanya amri za kadi yake kila pembe ya programu, bila kuacha hata mstari mmoja wa maelezo. Mwingine akiifungua, alibaki anajikuna kichwa.

Subilaga, fundi wa kituo cha Bondeni, alikuwa mtu wa taratibu. Programu yake yote ilijua maneno manne tu: fungua, tuma, pokea, funga. Kisha akaweka ukurasa mmoja katikati, wa kuyageuza maneno hayo yawe amri za kadi iliyopo. Mafundi huuita mpango huo soketi, na kweli unafanana na soketi ya ukutani: birika halihangaiki kuuliza umeme umetoka bwawa gani. Ukurasa huo aliujaza maelezo, hadi Gwakisa akamtania.

"Dada Subi, unaandika programu au wosia?"

"Vyote viwili," Subilaga akajibu, akaendelea na kazi.

Mwaka mmoja kadi za zamani za Mlimani na Bondeni zikaanza kufa, na kiwanda kilichozitengeneza kilikuwa kimeshaacha. Mama Sekela akaleta kadi za aina nyingine kabisa, akavipa vituo viwili hivyo wiki moja. Kwa muda huo joto lingepimwa kwa mkono.

"Jumatatu nataka vyote viwe vinatuma," alisema. "Na jina la atakayenirithi nitalitaja siku hiyo hiyo."

Gwakisa alizama kazini. Sehemu arobaini na tatu alizibadilisha moja moja, zote kutoka kichwani. Ijumaa mchana kidubwasha kikatuma. Kwa furaha akapiga simu Bondeni kumjulia hali mwenzake, akaambiwa hayupo. Subilaga alikuwa Kyela tangu Jumanne, kwenye harusi ya mdogo wake.

"Wiki hii hii?" Gwakisa akacheka. "Dada wa watu amejimaliza mwenyewe!"

Akampigia mkewe papo hapo. "Mama Tusa, anza kunipangia kabati. Narudi nyumbani."

Jumatatu Mama Sekela akapanda Mlimani. Tangi lilisoma nyuzi nne, na ofisini walikuwa wanaliona.

"Kazi safi, mwanangu. Je, usingekuwepo?"

"Isingefanyika, mama," Gwakisa akajibu kifua mbele. "Hakuna mwingine anayeiweza."

"Nami nimeona hivyo," mama akasema.

Mchana mafundi wote wakakusanyika ofisini. Mama Sekela akamtaja Subilaga. Gwakisa akaruka kusimama.

"Lakini mama, hata kadi hakuibadilisha yeye! Alikuwa harusini!"

"Ndiyo. Ilibadilishwa na fundi wa kituo jirani. Alisoma ukurasa mmoja, akaurekebisha, akamaliza kabla maziwa ya jioni hayajafika. Bondeni wanatuma tangu Jumatano."

"Na changu kinatuma!"

"Kinatuma vizuri sana." Mama Sekela akashusha sauti. "Gwakisa, mwaka juzi niliomba uhamishiwe mjini uwe msaidizi wangu. Mwaka jana nikaomba tena. Mara zote bodi iliniuliza swali moja: akiondoka, Mlimani atabaki nani? Nikakosa jibu. Leo wameniuliza tena."

Gwakisa akageuka kuelekea mlangoni. Aliumia, tena aliumia sana. Miaka miwili ya kuwa karibu na binti yake, kumbe aliyeizuia ni yeye mwenyewe.

Subilaga akamfuata mlangoni. "Kaka, mimi nami nitahitaji msaidizi pale mjini. Nafasi yako nitaishikilia. Kamilisha ya kule kwanza."

Siku hiyo hiyo Gwakisa akarudi Mlimani. Akafungua programu yake, akaanza kuzikusanya zile amri zote kwenye ukurasa mmoja. Lakini kabla ya amri ya kwanza, juu kabisa, aliandika: "Wewe uliyekuja baada yangu, karibu. Anzia hapa."

Funzo: Ukiifanya kazi yako isiwezekane bila wewe, nawe hutaweza kuondoka hapo ulipo. Waachie wenzako njia ya kuishika, ndipo utakapopata njia ya kusonga mbele.